Paspoti ya Kwenda Pemba

Mtu akiniuliza Pemba ni nchi gani, humjibu kwamba inategemea anauliza mwaka upi. Mwaka 1880 Pemba na Tanga zilikuwa chini ya bendera moja, nyekundu, ya Seyyid Barghash. Kufika 1891 zilikuwa nchi mbili, kila moja na Mzungu wake. Desemba 1963 Pemba ilikuwa sehemu ya dola yenye kiti chake Umoja wa Mataifa, na masika ya mwaka uliofuata hayajakatika kiti hicho hakipo tena. Muda wote huo bahari iliyo katikati haikuongezeka hata pima moja. Jahazi likipata upepo mzuri hutoka Tanga usiku na asubuhi watu wananunua samaki Wete.

Mimi ni mtu wa Pongwe, ile ya Tanga, kwenye barabara ya kwenda Muheza, penye mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji. (Iko Pongwe nyingine Unguja, pwani ya mashariki, ambako siku hizi watalii hulala kando ya maji. Sisi wa huku bahari tunaifuata mjini.) Vitabu vyetu vya shule vilitufundisha uhusiano wa Zanzibar na mataifa ya nje kama habari ya masultani na mabalozi. Ni kweli, lakini mimi nataka kuisimulia kutoka upande huu wa maji, kwa sababu kila mkataba uliotiwa saini Unguja ulikuja kumgusa mtu wa Mrima ambaye wala hakuitwa kwenye kikao.

Tuanze na enzi ya Seyyid Said. Mwaka 1833 alifunga mkataba na Marekani, akiwa Maskati. Mjumbe wa Marekani aliitwa Edmund Roberts. Wafanyabiashara wa Kimarekani wakaruhusiwa kuingia bandari zote za Seyyid kwa ushuru wa asilimia tano ya mali wanayoshusha, basi. Mwaka 1837 akaja konseli wao wa kwanza Unguja, Richard Waters. Mwingereza Hamerton akafuata 1841, Wafaransa wakapata mkataba wao 1844, na miji ya biashara ya Wajerumani wa kaskazini 1859. Hebu fikiri: kisiwa ambacho ukikitafuta kwenye ramani ya dunia lazima usogeze taa, kina bendera za mataifa makubwa manne zinapepea ufukweni. Mwaka 1840 Seyyid akapeleka jahazi lake *Sultana* mpaka New York, nahodha wa safari na mjumbe akiwa Ahmad bin Na'aman, na ndani mna pembe, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Walipeleka pia farasi wawili zawadi ya rais wa Marekani. Wamarekani, kwa sheria zao, wakasema rais hawezi kupokea zawadi ya mfalme, farasi wakapigwa mnada fedha zikaingia hazina. Jahazi lenyewe walilitengeneza bure likarudi.

Hayo yanajulikana. Yasiyosemwa sana ni kwamba katika mkataba wa Waingereza wa 1839 mmeandikwa jina la kwetu. Kifungu kimoja kinasema pembe na sandarusi za pwani, kuanzia bandari ya Mtangata mpaka Kilwa, mgeni haruhusiwi kuzinunua moja kwa moja; hiyo ni biashara ya Seyyid. Mtangata ni hapo kusini ya Tanga, ghuba ya Tongoni, penye magofu na makaburi ya kale. Mvuvi wa Mtangata wa mwaka ule sidhani kama aliwahi kusikia kwamba kijiji chake kimegeuzwa mpaka wa biashara katika karatasi iliyosomwa London. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi nauona huo kuwa ndio mwanzo wa mambo yote: jina la mahali petu linaandikwa, sisi wenyewe hatumo.

Zama zile mtu hakuulizwa paspoti. Kilichoulizwa paspoti ni chombo. Na hapa ndipo mkasa ulipo.

Mwaka 1873 Waingereza walimbana Barghash mpaka akakubali kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Lakini Pemba ilikuwa imeshaota mikarafuu kila kilima, baada ya dhoruba ya 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, na karafuu hazijichumi. Kwa hiyo watu waliendelea kuvushwa kwa magendo kutoka pwani hii yetu, Pangani na vijibandari vya jirani, usiku, mlango mmoja tu wa bahari. Manowari za Kiingereza zikawa zinavizia. Zilikuwa na ruhusa ya kusimamisha na kupekua chombo chochote chenye bendera ya Seyyid. Lakini chombo chenye bendera ya Ufaransa, weee! Hicho usikiguse, Ufaransa haikukubali merikebu zake zipekuliwe na Mwingereza. Basi manahodha, hasa wa Sur kule Omani, wakajua la kufanya. Wakaenda kwa makonseli wa Kifaransa wakapewa karatasi na bendera ya rangi tatu, na kuanzia siku hiyo nahodha Mwarabu mwenye baharia Waswahili akawa, kwa mujibu wa karatasi, Mfaransa.

Desemba 1881 nahodha wa Kiingereza, Brownrigg, mkubwa wa manowari *London*, alikuwa akizunguka maji ya Pemba kwa mashua ndogo ya moshi. Akakiona chombo kina bendera ya Ufaransa. Akakisogelea ili atazame karatasi zake tu, maana ndicho alichoruhusiwa kufanya. Kilikuwa kimebeba watumwa. Waliokuwamo wakamrukia kwa bunduki na majambia, akauawa yeye na baadhi ya watu wake. Nimeisoma habari hii mara kadhaa katika vitabu tofauti, na kila kitabu kinahesabu majeraha ya Brownrigg. Waliokuwa chini ya sitaha, ambao pengine wiki ile ile walikuwa wakipita njia zetu hizi za kushuka pwani, hawaelezwi walikuwa nani.

Ugomvi wa bendera haukuisha hapo. Ulikwenda mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ikatoka Agosti 1905: Ufaransa isiendelee kugawa bendera kwa raia wa Maskati isipokuwa wale waliokwisha kuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya mwaka 1863 na wenye haki hiyo kwa sababu maalumu. Wanasheria wa dunia hadi leo wanaitaja kesi hiyo. Maana yake kwetu ni nyepesi kueleza: mataifa mawili ya Ulaya yalibishana miaka na miaka karatasi ya jahazi ni ya nani, na wakati huo huo nchi yenyewe ya hilo jahazi ilikuwa inauzwa.

Naam, inauzwa. Natumia neno hilo kwa makusudi. Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani waliafikiana kwamba Sultani wa Zanzibar aachiwe visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda ndani. Mstari wa kugawa huku kwa Mjerumani na kule kwa Mwingereza wakauanzisha kwenye mto Umba, ukapanda hivyo mpaka Kilimanjaro na ziwa. Ndio mpaka wa Horohoro huo huo. Wadigo wakakatwa, Wasegeju wakakatwa. Tanga mjini ikabaki ya Sultani, kwa jina. Mwaka 1888 Sultani Khalifa akaikodisha forodha ya pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na mwezi wa Agosti maofisa wa kampuni walipopandisha bendera yao Pangani, watu wakakataa. Vita vya Abushiri bin Salim tunavijua. Alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kisha, mwaka 1890, Ujerumani ikamalizana na Sultani kwa kuununua ukanda wote kwa mark milioni nne, na mwaka huo huo Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Ndani ya miezi michache mtu wa Tanga aliyekuwa na shamba Pemba akawa na shamba ng'ambo. Hakuhama yeye, na shamba halikuhama.

Wajerumani hawakukawia. Mwaka 1893 wakaanza kutandika reli Tanga, ikapita hapa Pongwe, 1896 ikawa Muheza. Wazee walihesabu mambo ya zamani kwa reli: kabla ya reli, baada ya reli. Mizigo ambayo zamani ilishuka Tanga ili ivushwe Unguja sasa ilikuwa inapakiwa merikebu za kwenda Hamburg.

Nipitishe haraka kisa kimoja kinachoonyesha jinsi mambo ya safari yalivyokuwa kichekesho. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alijitawaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza. Wakamshushia mizinga tarehe 27, vita visivyofika saa moja. Khalid akakimbilia nyumba ya konseli wa Kijerumani. Waingereza wakaweka askari nje: akikanyaga ardhi ya Zanzibar tu, tunaye. Wajerumani wakangoja bamvua. Maji yalipojaa mpaka kwenye bustani ya konseli, mashua ya manowari yao ikasogea, Khalid akapanda kutoka bustanini, akapelekwa Dar es Salaam. Ardhi hakuikanyaga.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mwingereza akatawala pande zote mbili, lakini Tanganyika ilikuwa chini ya dhamana ya kimataifa na Zanzibar chini ya himaya, serikali mbali, sheria mbali. Hata hivyo watu walikwenda. Msimu wa karafuu ulivuta wachumaji kutoka Mrima. Wavuvi wa Pemba nao walifuata samaki kaskazini, wakapiga dago Shimoni, Wasini, Vanga, mpaka Kilifi. Hapa sasa naingia nyumbani kwangu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande wa Wete, akaolewa Tanga katika miaka ya 1950. Kaka yake alikuwa mvuvi, akafuata nyavu mpaka Shimoni, akaoa huko. Mdogo wao alibaki Pemba kwa wazazi. Watoto watatu wa mama mmoja, bahari moja, na wakati ule hakuna kati yao aliyefikiri kwamba amehama nchi.

Uhuru ulipokuja, ulikuja kwa kila nchi na siku yake. Tanganyika Desemba 1961. Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963, Kenya siku mbili baadaye, na tarehe 16 Zanzibar na Kenya zikapokewa pamoja Umoja wa Mataifa. Oktoba ya mwaka huo huo Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, mwenyewe Mpemba, alikuwa amekubali ukanda wa pwani ya Kenya, uliokuwa kwa jina bado ni wa Sultani, uingie Kenya moja kwa moja. Ndivyo kaka yake bibi alivyoingizwa katika nchi ya pili bila kutoka kwenye kibanda chake.

Serikali ile ya Zanzibar iliishi mwezi mmoja na siku mbili. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaleta Jamhuri ya Watu, na waziri wake wa mambo ya nje, Abdulrahman Babu. Kwa miezi mitatu na ushei Unguja ikawa kama kituo cha basi cha dunia. Wachina, Warusi, Wajerumani wa Mashariki, wote wakafungua ofisi. Konseli wa Marekani, Picard, akafukuzwa Januari ile ile. Kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani, kule Tunguu, wakaambiwa wakiondoe. Zanzibar ikaitambua rasmi Ujerumani ya Mashariki wakati nchi nyingi zikiogopa kuiudhi Bonn. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 jambo hilo likamrukia Mwalimu Nyerere mikononi. Akawapa Wajerumani wa Mashariki ukonseli mkuu Dar es Salaam badala ya ubalozi. Bonn haikuridhika; mapema 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia basi chukueni na mwingine wote. Kisiwa kidogo kiliitingisha sera ya nje ya nchi kubwa, tena kikiwa ndani yake.

Hati za Muungano ziliorodhesha mambo kumi na moja ya kushughulikiwa pamoja. Mambo ya nje yamo. Uraia umo. Uhamiaji umo. Kwa hiyo ukisoma karatasi, mtu wa Pongwe na mtu wa Wete walikuwa raia wa nchi moja, wenye paspoti ya aina moja, iliyotolewa na idara moja. Sasa nenda bandarini! Mtu wa bara kuingia Zanzibar alitakiwa hati ya kusafiria, na hali hiyo iliendelea hadi miaka ya 1990. Mzanzibari naye, hasa enzi ya Mzee Karume, hakutoka kisiwani bila kibali. Kwa hiyo paspoti hii ilikuwa na kazi ya ajabu: unamwonyesha ofisa wa nchi yako kwamba wewe ni raia wa nchi aliyomo yeye.

Wakubwa walikuwa na sababu zao, nisiwaonee. Zanzibar ni ndogo, ardhi yake haitoshi, na Serikali ya Mapinduzi iliogopa maadui na iliogopa magendo. Karafuu zilinunuliwa na serikali peke yake kwa bei ya chini, na Mombasa zilikuwa na bei nyingine kabisa. Zikawa zinavushwa usiku kwa ngalawa, kwa njia zile zile za zamani, na adhabu ya kukamatwa ilikuwa kali. Watu nao walivushwa. Wapemba wengi waliingia Tanga miaka ile na kile walichovaa, na kuna mitaa hapa mjini ukiamkia asubuhi unajibiwa kwa Kipemba.

Mdogo wake bibi alifariki katika miaka ya 1970. Habari ilifika siku ya tatu, imeletwa na baharia. Bibi akaenda kuomba karatasi katika ofisi moja, nisiitaje. Akaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akaileta. Akaambiwa alete picha. Akapiga picha, ya kwanza maishani mwake. Tunayo hadi leo, amekunja uso. Akaambiwa anayesaini amesafiri. Alipofika Wete arubaini ilikuwa imeshasomwa, na kaburi alionyeshwa na mtoto asiyemjua. Aliposimulia hakuwalaumu makarani. Alisema tu, "Mwanangu, Pemba nalikwenda na kanga mbili. Paspoti ya nini?"

Kwa hiyo inaponijia mijadala ya kwamba Zanzibar ni nchi au si nchi, mimi husikiliza kwa masikio mawili. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Kukawa na kelele kubwa Bungeni, kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano, na Agosti 1993 ikajitoa. Wabunge wa bara waliojulikana kama G55 wakasimama mwaka huo huo kudai serikali ya Tanganyika. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda alisema Bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa na kuandikwa kwamba ni nchi. Machi 2017 CAF ikaipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55, Julai ikaitoa, eti haikuwa imestahili kupokewa, kwani si nchi huru. Desemba ya mwaka huo Zanzibar Heroes wakaifunga Tanzania Bara mabao mawili kwa moja katika Kombe la Chalenji. Hapa Pongwe nyumba yetu iligawanyika, na walioshangilia Zanzibar walikuwa wengi.

Leo mtu wa bara hupanda boti na kitambulisho chake. Mgeni ndiye anayekaguliwa tena akitoka Dar es Salaam kuingia Unguja, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 lazima awe na bima ya safari ya Zanzibar yenyewe, dola 44, hata kama ana bima ya kwao. Visiwa vimerudia kazi yao ya kale ya kutoza kila anayeshuka, na mimi siwalaumu. Seyyid Said alichukua asilimia tano.

Kaka yake bibi ndiye aliyebaki katikati. Wazawa wa wale wavuvi wa Kipemba, Kwale na Kilifi, walikaa Kenya zaidi ya nusu karne bila kuhesabiwa kuwa Wakenya, na Tanzania haikuwa na kumbukumbu zao. Bila kitambulisho mtoto hafunguliwi akaunti ya benki, hasajili laini ya simu, na mvuvi hapati leseni ya kuvua maji aliyozaliwa kando yake. Januari 2001, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji Pemba, zaidi ya watu elfu mbili walivuka mpaka Shimoni wakapokewa kama wakimbizi, na walioandikishwa wakapewa karatasi za wakimbizi. Wajukuu wa mjomba, waliokuwako pale tangu zamani, hawakuwa na karatasi hata hiyo.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa moja ya makabila ya nchi hiyo, watu wapatao elfu saba, wakaanza kupewa uraia. Mjomba alikuwa ameshafariki. Mjukuu wake mmoja alipata kitambulisho, na safari ya kwanza aliyofanya nacho ilikuwa kuja kwetu. Pale Horohoro alikatiwa hati ya muda ya kusafiria, ikagongwa muhuri, akapanda basi mpaka Tanga na daladala mpaka Pongwe. Akatuonyesha: imeandikwa uraia, Kenya. Kisha akauliza kama kuna jahazi la Wete wiki hii, na kama kutoka hapa atahitaji karatasi nyingine.